Nyuzi za Graniti na Shimo Lililotoka Vumbi

Wiki iliyopita walinijia vijana wanne wa chuo hapa nyumbani kwangu Chamwino. Walishuka kwenye bajaji wakiwa na mabegi mgongoni na viatu vipya visivyojua bado mawe ni nini. Waliniamkia shikamoo nne, nami nikaitikia marahaba nne, maana mtu akikuamkia vizuri usimfanyie ubahili. Walikuwa wamesikia kwamba mimi, Mama Foibe, nilipima miamba ya mkoa huu zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, wakataka niwasaidie na jiwe walilookota milimani Mpwapwa.

Binti mmoja aliyeitwa Neema akaliweka kwenye sinia la chai, katikati ya vikombe.

"Mama, sisi tunaona ni graniti," alisema. "Lakini ina mistari. Mwenzetu anasema basi ni matabaka ya mchanga."

"Mwenzenu yupi?"

Kijana mmoja akainamia kikombe chake kama kimeandikwa jibu ndani.

Nikawaeleza. Wakaandika, wakapiga picha, wakala karanga zote, wakaondoka. Walipokwisha kwenda nikaona nimewapa nusu ya habari. Niliwaeleza jiwe, sikuwaeleza nani alinifundisha kulisoma, wala siku niliyolisoma vibaya kijiji kizima kikakaribia kukosa maji kwa sababu yangu. Nusu hiyo nyingine ndiyo hii. Nawaandikia wao na ninyi wengine mnaoanza kazi, na mkichoka kusoma pumzikeni, mimi siendi popote.

Kwanza jiwe lenyewe. Graniti, ambayo wazee wetu wa Kiswahili wanaiita itale, ni mwamba ulioyeyuka chini sana ardhini ukapoa polepole mno. Kwa kuwa haukuharakishwa, ulipata nafasi ya kutengeneza punje kubwa za kuonekana kwa macho. Kuna felspa, nyeupe au ya waridi. Kuna kwatzi, inayofanana na kioo kilichokosa kuoshwa. Na kuna ulanga mweusi, vijikaratasi vinavyometameta. Nenda kwenye vilima vingi vya hapa Dodoma uvunje jiwe zima, utakuta punje zimekaa ovyo, kama watu wa soko la Majengo asubuhi, kila mmoja anatazama kwake.

Sasa njoo upande wa milima, utakuta graniti ambayo punje zake zote zimegeukia upande mmoja. Ulanga umelala kwa mistari, felspa nazo zimelala hivyo hivyo, na jiwe ukiligonga linapenda kupasuka kwa kuufuata mlalo huo. Wasomi wanauita mpangilio huu foliesheni. Sisi wapimaji kambini tuliuita nyuzi, na mpaka leo nikisikia foliesheni najisikia nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Aliyenifundisha nyuzi ni Bwana Kiondo, mjiolojia wa kikosi chetu cha kupima miamba, Msambaa wa milimani aliyehamia kwenye vumbi letu akalizoea kuliko sisi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kofia ya kitambaa iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Kusifu alikuwa hawezi kabisa. Ukifanya vizuri alikuwa anakohoa tu. Nilijifunza kuhesabu vikohozi vyake.

Mwaka wangu wa kwanza tulipanga vyumba Bahi, kwa mama mmoja mkulima wa mpunga. Jioni moja nilimuuliza Bwana Kiondo swali lile lile la kijana wangu wa kikombe cha chai: mistari hii si matabaka? Alimwomba mama mwenye nyumba mchele kidogo, akaumwaga kwenye sinia, akatia maji, akaliinamisha taratibu.

"Angalia punje," akasema.

Zilikuwa zinateleza pamoja na maji, na kila iliyokuwa imekaa upande ikajigeuza taratibu mpaka ikalala kwa kufuata mkondo. Akaniambia hiyo ndiyo njia ya kwanza. Milima inapojengwa, ardhi inabanwa kutoka pande mbili, na mara nyingi wakati huo huo graniti inapanda kutoka chini, bado ni uji mzito wenye punje zinazoelea. Uji ukisukumwa, punje zinajipanga. Ukija kuganda, mpangilio unabaki humo humo milele. Hakuna mchanga uliowekwa juu ya mchanga. Ni uji uliobanwa kabla haujakauka.

"Na njia ya pili?" nikauliza.

Hapo akaomba donge la unga wa chapati. Akachomeka humo vipande vya mkaa, akaweka donge kati ya vibao viwili na kukandamiza kwa goti. Donge likabonyea, likatanuka pembeni, na vipande vya mkaa vikasagika vikawa mistari mirefu myeusi.

"Baba, huo unga ni wa watoto wangu," mama mwenye nyumba akasema kwa upole ambao haukuwa upole.

Bwana Kiondo akaomba radhi, na chapati ile yenye mkaa tukaila mimi na yeye. Ilikuwa inakwaruza meno. Lakini sijaisahau njia ya pili. Graniti iliyokwisha kuganda nayo inaweza kubanwa, ikiwa chini sana kwenye joto la kutosha kuilainisha bila kuiyeyusha. Kwatzi inavutika kuwa kama utepe. Ulanga unageuka na mwingine unaota upya, bapa, ukiupa mgongo upande unakotoka msukumo. Felspa ni kaidi zaidi, inabaki kipande kama jicho, na nyuzi zinapita juu na chini yake.

Kwa hiyo mkitaka kujua ni njia ipi, msianze na ulanga, anzeni na kwatzi. Felspa zikiwa zimepangwa vizuri na hazijavunjika, na kwatzi imekaa kama donge lisilovutwa, hapo jiwe lilijipanga likiwa uji. Kwatzi ikiwa utepe na felspa imekuwa jicho, lilibanwa likiwa limekwisha kuganda. Yapo mawe yaliyopitia yote mawili, na hayo msiyakate shauri upesi. Na mkishaona nyuzi zimeelekea wapi, mara nyingi mtajua na msukumo ulitoka wapi, kwa sababu nyuzi zinalala kwa kuukingamia msukumo. Milima ile ukiisoma kwa njia hiyo unaweza kukaa juu yake ukahisi namna ilivyoonewa.

Kuna mambo ya mkono pia. Jiwe kavu halisemi kitu. Lilowesheni, ndipo nyuzi zinajitokeza. Uwandani maji ni ya kunywa, kwa hiyo sisi tulikuwa tunalamba. Kijiji kimoja walimfuata mwenyekiti wao wakamwambia wageni hawa hawana hata chumvi, wapelekewe. Tukaletewa chumvi kweli, kikapu kizima, na Bwana Kiondo akaipokea kwa heshima zote.

Tazameni jiwe nyuso tatu, zisizoelekea upande mmoja. Jiwe linaweza kukuonyesha uso mmoja usio na mstari hata mmoja, kumbe unatazama nyuzi kutoka juu. Na hakikisheni jiwe liko nyumbani kwake. Mwezi wangu wa pili nilipima mwamba mzuri kuliko yote niliyowahi kuona, nyuzi zimenyooka, nikajaza ukurasa mzima wa daftari. Bwana Kiondo akaja, akausoma ukurasa, akaweka mguu juu ya mwamba ule na kuusukuma. Ukabingirika mteremkoni ukaenda zake.

"Huyu alikuja hapa lini?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli. Ninamshukuru kwa msukumo ule. Angeweza kunihubiria saa nzima.

Siku hizi mnabeba simu. Unaiweka juu ya jiwe inakupa uelekeo na mwinamo wake, inaweka na alama kwenye ramani. Sina wivu. Mimi nilibeba dira, daftari, ramani ya karatasi iliyochanika kwenye mikunjo, na magoti yangu yanaijua tofauti. Ila niliwauliza wale vijana wanne wanionyeshe kava za simu zao. Mbili zilikuwa na sumaku ya kufungia. Nikawauliza wamepima wapi kote na hizo kava. Sikuwacheka hata kidogo, na sasa mtajua kwa nini.

Kijiji sitakitaja. Kiko chini ya milima upande wa Mpwapwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, niko kwenye mkataba wa muda, na barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa inangojea kitu kimoja tu, maoni ya Bwana Kiondo. Nyumbani wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma kwa kunitegemea mimi. Barua ile niliiota.

Kijiji hakikuwa na maji. Kiangazi wanawake walikuwa wanafukua mchanga wa korongo, wanakaa pembeni ya shimo wakingoja maji yajichuruze, wanateka kwa kata, wanangoja tena. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Perisi, mtu wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Siku tuliyofika alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaja kwenye Kiswahili bila kupoteza muda.

"Wataalamu wa kwanza walikuja, wakaangalia, wakaondoka. Wa pili wakala kuku wakaondoka. Ninyi mtafanya nini?"

"Sisi tutalamba mawe, mama," Bwana Kiondo akasema.

"Afadhali," Mama Perisi akasema. "Kuku wenyewe wamekwisha."

Serikali ilikuwa imekubali kuleta mtambo wa kuchimba. Ungekaa siku mbili, kisha uende wilaya nyingine, na haikujulikana ungerudi lini. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha mahali. Kwenye graniti nzima isiyo na ufa huchimbi maji, unachimba hasara. Lakini juu mlimani Bwana Kiondo alikuwa ameona mkanda mmoja ambao ubanaji wote ulikuwa umekusanyikia humo. Graniti ilikuwa imelainishwa na kusagwa mpaka imekuwa karatasi nyembamba nyembamba zilizojaa ulanga. Jiwe la namna hiyo linaoza mapema, maji ya mvua yanaingia kati ya nyuzi na kukaa. Mkanda ulionekana mlimani sehemu fupi tu, kisha ukazama chini ya udongo wa mashamba. Aliyejua uelekeo wake sawasawa angeweza kuufuata kwa mstari kwenye ramani mpaka karibu na nyumba za watu. Akikosea kidogo kule juu, huku chini atakuwa amekosea sana.

Goti la Bwana Kiondo lilikuwa limevimba, hakuweza kupanda tena. Nikapanda mimi na dira, Mama Perisi akinitangulia kunionyesha njia. Nilipima sehemu kumi na mbili. Zilikubaliana vizuri mno, zote zimeelekea karibu upande ule ule, na nilishuka nikiimba. Bwana Kiondo alichora mstari, akapigilia kigingi mahali pa kuchimba, akakohoa mara mbili.

Sasa lazima niwaeleze mkono wangu. Bwana Kiondo alikuwa na sheria moja isiyo na huruma: kabla ya kufungua dira, chuma chote kikae hatua kumi. Nyundo, panga, funguo, mkanda wenye kifungo. Mimi siku ya Sabasaba mwaka ule bibi yangu alinipa bangili yake ya shaba, ya waya uliosukwa vizuri, aliyoivaa tangu ujana. Bwana Kiondo aliiona siku ile ile.

"Hiyo ni nini?"

"Shaba, bwana. Ya bibi."

"Shaba haina neno," akasema, na ni kweli haina.

Mtambo ulikuja na fundi wake, Masumbuko, mtu wa mizaha aliyepakaa grisi mpaka kwenye kope. Walianza asubuhi. Wanawake walikuja na ndoo, wakazipanga mstari, wakasimama nyuma yake wamevaa kama wanakwenda kanisani. Likatoka vumbi la kahawia, la udongo. Baadaye likatoka la waridi. Likaendelea kuwa la waridi, kavu, saa baada ya saa, na wanawake wakaanza kuwa na rangi ya vumbi lile. Saa nane mchana Masumbuko alizima mtambo.

"Nimemaliza mabomba yote ya kushusha," akasema. "Humu mna jiwe tu, wakubwa."

Wanawake waliokota ndoo zao moja moja wakaenda kuwahi korongoni kabla jua halijashuka. Mama Perisi hakwenda. Aliigeuza ndoo yake juu chini akaikalia, akalitazama shimo. Ningependa angenitukana.

Nilikusanya chenga za mawe zilizotoka shimoni, nikaziosha kwenye bakuli, nikazitazama kwa lenzi. Felspa, kwatzi, ulanga, punje zote zimekaa ovyo, hakuna uzi hata mmoja. Tulikuwa tumechimba nje ya mkanda kabisa. Nikampelekea habari Bwana Kiondo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mguu wake umenyooshwa. Akafikiri, akasema, "Basi mkanda umepinda chini huko, au umekufa. Hatuna njia ya kujua." Akafungua daftari lake aandike kwamba hapa hapana maji. Maneno hayo yakishaandikwa kwenye faili la kijiji, vijana wangu, hakuna mtambo utakaokuja tena mpaka wajukuu.

Nikarudi kuchukua bakuli jingine. Masumbuko alikuwa na sumaku kubwa yenye kamba, ya kuvulia nati na spana zinazoanguka shimoni, ameiweka juu ya sanduku la vifaa. Nilipopitisha mkono kuchukua bakuli, bangili yangu iliruka. Ilinasa kwenye sumaku kwa kishindo, na mkono wangu pamoja nayo.

Watu wote wa mtambo waliangua kicheko.

"Dada, sumaku yangu imekuposa!" Masumbuko akasema. "Mahari niilete wapi?"

Nilicheka nao, kidogo tu. Kisha nikaitazama tena bangili. Shaba haishikwi na sumaku. Nikaibandua bangili, nikaikwangua kwa ncha ya kisu. Waya wa shaba ulikuwa umezungushiwa nje tu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ndani kulikuwa na chuma. Bibi yangu hakunidanganya, naye aliipokea kama shaba akaishi nayo kama shaba. Na mimi nilikuwa naishika dira kwa mkono ule ule. Kule mlimani nilikuwa nimesimama upande mmoja, mkono umekaa vile vile mara zote kumi na mbili, kwa hiyo chuma kilikuwa kimeivuta sindano vile vile mara zote. Ndiyo maana vipimo vilikubaliana.

Kutoka kwenye mtambo mpaka kwenye kigoda cha Bwana Kiondo ni kama hatua hamsini. Sitawaficha nilichofikiri katika hatua hizo. Nilifikiri kwamba naweza kuitupa bangili vichakani, nikaomba kupanda mara ya pili, nikarudi na uelekeo mwingine nikasema nimegundua mkanda unapinda. Maji yangepatikana. Barua yangu ingekuja. Ningekoholewa mara tatu. Mpango ulikuwa mzuri na haukuwa na tundu, na niliendelea kuupenda mpaka hatua ya arobaini hivi. Hapo nilikumbuka madaftari mengine, vijiji vingine, wiki tatu za vipimo tangu Sabasaba, ambavyo watu wangevijengea mambo wasiyojua yamekaa juu ya nini. Nilimwekea bangili juu ya daftari lake.

"Ni chuma, bwana."

Aliichukua, akaisogeza kwenye dira yake. Sindano ikayumba.

"Tangu lini?"

"Tangu Sabasaba."

"Vipimo vyote tangu Sabasaba?"

"Vyote."

Alivua kofia, akajifuta uso nayo. "Mimi niliiona," akasema. "Niliiona nikauliza, sikuishika." Kisha akaanza kuinuka kwa kujivuta. "Lete fimbo. Tunapanda."

"Bwana, goti."

"Goti ni langu."

Tukapanda, mimi nikimsukuma mahali na yeye akinikemea mahali. Tulipima sehemu zote kumi na mbili upya, kila mtu peke yake, bila kuonyeshana mpaka mwisho. Mstari ulihama. Chini kule ukapita mbali na kigingi cha kwanza, ng'ambo ya mashamba ya uwele, karibu na njia ya kanisani. Tulipokuwa tunashuka aliniambia, "Kesho asubuhi watu wataambiwa kwa nini tumehamisha. Utawaambia wewe. Wao ndio wenye kiu."

Nitangulize habari ya barua, maana najua mnaiwazia. Katika maoni yake aliandika kwamba vipimo vyangu vya wiki tatu vilikuwa na kosa, akalieleza kosa lenyewe bila kulipunguza, akaandika kwamba nililisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Barua ilikuja. Na zile wiki tatu tulizirudia zote, kituo kwa kituo, naye alikuja kila kituo na goti lake, hakunikumbusha hata mara moja kwa nini tuko pale. Watu wengi wamenitendea mema katika maisha yangu, lakini sijui kama kuna wema mwingine niliosimama juu yake miaka mingi hivyo. Alikwisha kufariki. Nilimshukuru akiwa hai, akakohoa.

Basi asubuhi ile nikasimama mbele ya kijiji. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanikimbia. Nikawaonyesha bangili. Nikawaambia mimi ndiye niliyepima, chuma hiki kilivuta dira yangu, shimo la jana limechimbwa mahali pasipo penyewe, na kosa ni langu, si la mlima wenu. Mzee mmoja nyuma akasema, "Ndiyo yale yale ya wale wa kuku." Watu wakanung'unika.

Mama Perisi alisimama. Alikuwa bado na vumbi la waridi kwenye nywele.

"Sasa unapajua?" akaniuliza.

"Napajua, mama."

"Jana pia ulipajua."

"Jana nilikosea. Leo tumepima wawili."

Akamgeukia Masumbuko. "Wewe unaondoka saa ngapi?"

"Saa sita mchana, mama, sina ruhusa ya zaidi."

"Basi tuonyeshe," Mama Perisi akaniambia. "Unatuchelewesha kwa maneno."

Mtambo ukahamishwa. Nilikaa nimechuchumaa kwenye mdomo wa shimo na bakuli langu, naosha kila kilichotoka. Udongo. Udongo. Halafu chenga za waridi, zile zile za jana. Nikaendelea kuosha. Saa tano ilikuwa imekwisha kupita nilipotazama bakuli nikaona chenga bapa, nyembamba kama maganda ya vitunguu, zimejaa ulanga, na kwatzi yake ni utepe. Nilimpelekea Bwana Kiondo. Alizitazama kwa lenzi, akanirudishia.

Vumbi lilianza kuwa zito. Likawa linadondoka badala ya kupeperuka. Masumbuko alipaza sauti kwa wenzake, mtambo ukanguruma kwa namna nyingine, na shimo likatapika tope la kijivu juu yetu sote, kisha maji machafu, kisha maji.

Siwezi kuwaeleza kelele zile. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, wanacheza ndani ya tope na nguo zao nzuri, ndoo zinagongana. Mzee wa kuku alikuwa amekaa chini analia waziwazi. Mimi nilisimama pembeni, sikujua kama nina haki ya kufurahi.

Mama Perisi alikinga kikombe cha bati, akaja nacho moja kwa moja mpaka nilipo.

"Wewe ndiye uliyetukosesha jana?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi kunywa wewe kwanza."

Nilikunywa. Yalikuwa ya uvuguvugu, mazito, mchanga wa mlima unasagika kwenye meno, na machozi yangu yalikuwa yanaingia humo humo. Aliningoja nifike chini kabisa. Kisha akaninyang'anya kikombe akageuka kuwapelekea wenzake, kwa sababu wao walikuwa wamengoja muda mrefu kuliko mimi.